Karafuu Imezidi

Jumapili, 3 Desemba 2023

Majilio ya kwanza. Mshumaa mmoja, mvua, wageni. Nimeoka matufaha kama kila mwaka — yale ya stoo, yaliyoanza kunyauka ngozi, ndiyo matamu yakipata moto. Nimetoa mioyo, nimejaza zabibu kavu, lozi, siagi, mdalasini, karafuu kidogo tu. Nyumba nzima ilinukia. Wifi yangu Gesche, aliyekuja kutoka Hamburg, alisimama mlangoni na koti lake akivuta pumzi.

Mama mkwe akaonja. Kijiko kimoja. Akakiweka chini.

"Karafuu imezidi. Wiebke mwanangu, leo tunakula au tunang'olewa meno?"

Wageni wakaangua kicheko. Henning akacheka — mume wangu! Mama akainama, akamwekea mbwa sahani yake. Mbwa akalamba mpaka ikang'aa. Angalau yeye ana adabu.

Kila mwaka maneno yale yale. Nikitia nyingi, imezidi. Nikitia punje moja, imezidi. Na jiko si langu! Alipomkabidhi Henning shamba alibakiza haki yake: chumba cha juu na jiko, mpaka kufa. Mimi humo ndani kijakazi. Na ajuza ana afya ya punda, atatuzika sote.

Jumatano, 6 Desemba

Lo! Lo! Siamini.

Nimerudi kutoka bandani nikakuta jikoni moshi mtupu. Maziwa yameungua, sufuria imekuwa mkaa. Na Mama yupo pale pale! Amelipa jiko mgongo, anamenya viazi, anaimba.

"Mama, husikii harufu?"

"Harufu gani? Wewe una pua ya mbwa."

Ndipo akageuka akauona moshi. Uso ukambadilika. Si hasira — woga. Akasema ameuona zamani, alikuwa anasubiri tu amalize kiazi. Uongo wa mchana kweupe.

Ni ile homa ya mwaka jana. Ilimwachia roho, ikaondoka na pua. Na mwaka mzima ametuficha!

Sijamwambia Henning. Bado.

Ijumaa, 8 Desemba

Nimehakikisha. Supu ya samaki iliyochacha, bakuli zima, chini ya kiti chake wakati wa redio. Paka alikuja. Mbwa alikuja. Mimi mwenyewe nusura nitapike. Yeye anafuma soksi, anaitikia wimbo.

Nilikaa mbele yake nikamtazama mpaka kipindi kikaisha. Nilifurahi. Nilifurahi mno, sijui niseme vipi.

Jumapili, 10 Desemba

Majilio ya pili. Karafuu imezidi, kasema. Unajuaje, bibi wee? Ilibidi nikimbilie stoo nikacheke huko peke yangu.

Baadaye nikamuuliza Henning kwa mbali: je, mama akianza kuwa hatari na lile jiko la gesi, asinuse ikivuja? Akasema siku hiyo atampeleka mjini Stade kwenye nyumba ya wazee, atake asitake, hawezi kuiacha familia ilipuke. Lakini mama ana akili timamu, akasema. Kuliko wewe.

Kuliko mimi. Haya. Mvumilivu hula mbivu.

Jumapili, 17 Desemba

Niandike upesi.

Leo nimeoka matufaha matupu. Siagi, sukari, zabibu, basi. Mdalasini hapana. Karafuu hata punje. Gesche akaja jikoni, akashangaa: mbona leo hakunukii kitu? Nikamwambia nimeishiwa viungo, maduka yamefungwa, naona aibu. Henning naye akasikia. Nilitaka asikie.

Tukakaa. Mishumaa mitatu. Mama kavaa kizibao chake kizuri, kachangamka, anamtania Gesche kuhusu unene. Akachukua kijiko. Akatafuna polepole, kama hakimu.

"Karafuu imezidi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama akatutazama mmoja mmoja, kijiko hewani. Akadhani hatujasikia. Akaongeza: "Na mdalasini ni wa zamani, unakwaruza koo."

Za mwizi arobaini.

Henning akainuka taratibu. Sikumtuma, Mungu ni shahidi. Akamwambia, "Mama, fumba macho kidogo." Akafumba, kama mtoto anayengoja zawadi. Henning akamwekea kiganja chini ya pua. "Hii ni nini?"

Mama akanusa. Akanusa tena, kwa nguvu, mpaka pua ikakunjamana.

"Karafuu," akasema. Halafu haraka: "Hapana, hapana. Kahawa. Ni kahawa, unanichezea wewe."

Kiganja kilikuwa kitupu.

Alipofumbua macho akakiona. Alikunja kitambaa chake, akakikunja tena, kikawa kidogo sana.

Gesche akalia, akasema si mbadilishe tu jiko liwe la umeme, yaishe? Kidogo Henning akubali! Nikawahi: na jiko la kuni la chumbani kwake je? Na nyama iliyooza, atajuaje? Siku akila sumu tutasema nini kanisani? Nilisema kwa upole kabisa. Henning akashika kichwa. Akasema kesho atapiga simu Stade.

Mama aliongea mara moja tu. "Shamba hili nililipanda mimi."

Ijumaa, 22 Desemba

Chumba kimepatikana. Leo anakwenda kukiona, na akipendeza kwa wasimamizi watampokea baada ya Krismasi. Hakubisha. Nilitegemea vita, haki yangu, mkataba wangu, mtanitoa maiti. Wala! Amenyamaza tangu Jumapili. Inaniudhi.

Jiko ni langu. Nimeshahamisha sufuria zake.

Sasa hivi, dakika chache zilizopita, kaingia jikoni na gauni lake la bluu, nywele kazibana, mkoba mkononi. Akafunga mlango nyuma yake. Hajawahi kunisogelea hivyo, karibu kabisa, kifua kwa kifua.

"Wiebke. Huko kuna watu wageni. Henning sitamuuliza, ni mwanangu, atanidanganya. Wewe hunipendi, utasema kweli." Akameza mate. "Mimi nanuka?"

Alinukia sabuni. Sabuni tu, na shuka safi. Mikono ilikuwa imemchubuka kwa kuoshwa. Mwaka mzima anajiosha hivyo, kumbe, na hajui kama ananuka.

Ningesema hapana. Neno moja. Lilikuwa tayari mdomoni.

"Kidogo," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akaniambia ahsante — ahsante! Akaweka mkoba mezani, akapanda juu akijishikilia ukutani.

Maji yanamwagika huko juu mpaka sasa. Henning anapiga honi uani, anapiga tena. Ameniita kupitia dirishani, mama anafanya nini muda wote huu? Nimemwambia sijui.