Esansi ya Bidoni ya Manjano

Pascaline, maharagi iko mu sufuria, ongeza maji. Fungia mbuzi. Bidoni ya manjano, dumu la esansi ya papa, usiiguse kabisa!

Nimepanda boda ya Pacifique kumufuata papa yenu. Asubuhi ameondoka na Vespa yake kwenda Kakoba, fasi wenye Vespa za zamani wanakutana kuonyeshana. Tangu jana anaipangusa kama bibi harusi. Mimi hajanipangusia hata kiti!

Unajua Vespa hainywi esansi tupu, petroli peke yake, kama boda. Lazima ichanganywe na mafuta ya moteri, na papa anaweka mchanganyiko wake ndani ya ile bidoni. Jana nilinunua esansi tupu ya jenereta ya kanisa, nikaitia humo. Sikumwambia. Sasa hivi nimeitafuta, nimekuta bidoni haina kitu. Ameimimina yote ndani ya Vespa.

Moteri itakauka, itashikana, gurudumu ligande katikati ya mwendo. Na mdogo wako Olga yuko naye, amesimama mbele, katikati ya magoti yake, anavyopenda. Mungu wangu.

Simu ya papa ameisahau, iko kitandani. Ukae nayo.

Usimwambie nyanya. Hapana, nimekata huo mstari. Mwambie, aanze kuomba.

Kila siku natukana kelele ya ile Vespa. Leo ukiisikia inarudi, nipigie mbio, halafu uweke simu karibu na moteri, na mimi niisikie.

Mama yenu