Mgongo wa Kisu cha Makame

Jumatatu, 6 Septemba 1971
Chai baridi ya jana, mkate wa bofulo mkavu. Wiki ya tatu hakuna vibiriti dukani. Kikwajuni nzima inaazimana kaa la moto kama chumvi. Mimi, niliyelisha makaa tanuri za meli mpaka Kadifu, Ulaya, nikabishe hodi kuomba kaa? Thubutu.

Baharia mmoja wa Kizungu alinifundisha: kisu cha chuma cha pua, mgongo wake uutie ukingo mkali, uupige kwa jiwe la gumegume. Cheche hizo. Jiwe ninalo, nililitoa huko huko Ulaya. Kitambaa cha kudaka cheche nshakiunguza, usumba wa nazi tele. Lakini visu vyangu vyote laini kama bati. Kigumu ni kimoja tu, cha msumarini.

Hicho si changu.

Jumanne, 7 Septemba
Cha Makame, mrina asali wa Uroa, rafiki yangu. Alinipa nikinoe, Januari ya sitini na nne. "Fundi, mdomo wako mkali kuliko tupa yako. Nnakuja kesho." Kesho yake akapandishwa gari na watu asiowajua. Basi. Nikakinoa, nikakitundika. Miaka saba kinaning'inia. Amana haiguswi, hata chuoni, nilikotoroka juzuu ya tatu, hilo walinifundisha.

Naogopa kukitazama. Nimeandika, sifuti.

Jumatano, 8 Septemba
Nimekigusa.

Mgongo ulikuwa na mapengo madogo matano. Nikadhani kakatia mifupa. Nimepiga tupa mpaka ukanyooka, isipokuwa pale karibu na mpini, tupa haikufika. Mpini ulipopata joto la mkono ukatoa harufu ya moshi na asali. Nikageuka, kwa kuwa nilijua nani kasimama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

Cheche zimetoka pigo la kwanza. Hapana, la nne. Humu sina wa kumdanganya.

Ijumaa, 10 Septemba
Mfalme wa Kikwajuni. Majirani wanakuja na majiko, nawawashia. Leo nimewaambia nilifunzwa na Wajapani. Jana walikuwa Wareno. Wanacheka, nami nacheka. Lakini kila pigo namsikia Makame akisonya. Alikuwa akinisonya hivyo hivyo nikitia chumvi kwenye hadithi.

Sijala.

Jumapili, 12 Septemba
Dereva wa gari la Uroa kaniletea salamu za Bi Tatu, mke wa Makame. Anakitaka kisu.

Eda hakukaa mwanamke huyu. Atakaaje, maiti hakuiona, kaburi hana? Sasa anataka kumsomea mumewe hitma. Nguo za Makame zililiwa na mchwa, kumbukumbu imebaki kisu tu. Na mgongoni, dereva kasema, mna alama tano. Kila alama mtoto mmoja. Kazikata baba mtu kwa mkono wake.

Nimefikiria kuzichonga upya. Naweza, wala asingejua. Tupa nimeishika mara mbili, nikaiweka. Mkono si ule wa Makame.

Alhamisi, 16 Septemba. Uroa
Njiani nilitunga hadithi tatu. Zote zilinikimbia mlangoni pa Bi Tatu. Nikasema tu: nimezifuta alama, shemeji, nilitaka moto.

Akakipokea kisu. Akapitisha kidole mgongoni mwa kisu, taratibu, kama anayepapasa uso wa mgonjwa. Mwisho kabisa, karibu na mpini, kikagota. Pengo moja. Kidole kikakaa pale.

"Hili la Zuhura," akasema. "Alilikata asubuhi ile anakuja kwako. Mtoto ana siku tatu."

Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Haya, shemeji. Huo moto uliokufanya ule amana, hebu tuuone."

Chetezo kilikuwa tayari, makaa meusi, kwao pia kibiriti hakuna. Nikampa jiwe. Kapiga mwenyewe, mara sita. Usumba ukashika, makaa yakashika, ubani ukapanda. Hitma ikaanza. Akalitaja jina la Makame, na mbele yake akatia "marehemu". Miaka saba sijalisikia likisemwa hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijathubutu.

Jumanne, 28 Septemba
Vibiriti vimefika. Foleni mpaka kona. Nimenunua kimoja kama watu wengine. Majirani hawaji tena.

Msumari mtupu, kisu kiko Uroa. Nimetundika kofia, nikaiondoa.