Baba Amenishtaki kwa Shamba la Kompyuta

Cucu Eunice, nyanya yetu wa ushauri gazetini, pokea salamu kutoka Kanyakine. Mimi ni msomaji wako wa kila wiki na leo zamu yangu ya kulia imefika, nakuomba unishike mkono kabla mambo hayajaharibika kabisa. Mimi ndiye kitinda mimba, na ndiye niliyebaki nyumbani na baba yetu, Mzee Mithika, tangu mama atuache. Baada ya mazishi baba alinyamaza, alikuwa anaamka, anakaa kwa kiti, anaangalia ukuta mpaka jioni, basi nikaona nimnunulie gemu ya ukulima, ile ya kuendesha trakta na kufuga ng'ombe kwenye kompyuta, nikailipia kwa intaneti kwa duka moja la ng'ambo, nikamwambia, "Baba, hili shamba ni lako, hakuna mtu atakuja kukusumbua." Cucu, mzee alifufuka. Alilima ngano, akapanda miti kwa mpaka, akajenga zizi kando ya mto, ng'ombe akawapa majina ya shangazi zetu, na wakati wa chakula akawa ananieleza vile Karambu amekataa kutoa maziwa, nami najua anasema ng'ombe lakini bado nikiwaza shangazi nashindwa kumeza.

Sasa hiyo gemu iko na kufuli. Si kufuli ya chuma, ni kwamba kila baada ya muda lazima iende kwa intaneti iulize kampuni kama sisi bado tuna ruhusa, na isipouliza haifunguki, na ikishafika huko kwa intaneti inaanza kujisasisha yenyewe, inakula bando yote na kurudi na vitu vipya ambavyo hakuna mtu aliitisha. Baba alikuwa ananiambia nizime hiyo tabia, mimi nikimwambia haizimiki, na rafiki yangu Mbaabu anayeuza kompyuta Nkubu alisema tusiizime, kusasisha ni kama chanjo ya ng'ombe, kunazuia magonjwa. Basi Jumapili moja ikauliza kama tunakubali masharti mapya, nikabonyeza ndiyo, na baba aliporudi kutoka kanisani akakuta shamba jingine jipya ambalo mto umehamishwa na zizi halipo, na maandishi kwamba shamba lake lilitengenezwa kwa toleo la zamani, haliwezi kufunguliwa.

Nilifikiri atakasirika siku moja yaishe. Alienda kwa wazee wa ukoo akanishtaki kwamba nimetoa shamba lake bila kumwuliza. Nikafikiri basi wazee watacheka, lakini walikaa, wakaita kesi, wakabishana tangu asubuhi mpaka chai ya saa kumi. Mzee Kailemia, ambaye ndiye mkubwa wao, aliuliza, "Aliyekuuzia ng'ombe anaweza kuingia kwa boma lako amkate pembe, ati anamboresha?" Mwingine akasema inategemea, kama ulimnunua ni wako, lakini kama uliachiwa tu umtunze unywe maziwa, mwenyewe anaweza kuja wakati wowote. Mbaabu, niliyekuwa nimemleta anitetee, akaanzisha ile hadithi yake ya chanjo, baba akamkata: "Kijana, mimi nimechanja ng'ombe maisha yangu yote. Hakuna hata mmoja aliyeamka akiwa mbuzi."

Kisha Kailemia akanigeukia.

"Ni nani alikubali hayo masharti?"

"Ni mimi, nilibonyeza."

"Ulisoma?"

"Mzee, hayo hakuna mtu husoma."

"Na ile harambee ya karo yako, tulichanga ya nini?"

Wakanifanya niyasome hapo hapo kwa simu, kwa sauti, nikitafsiri, na kweli imeandikwa kwamba hatukununua gemu, tulinunua ruhusa ya kuitumia, na kampuni inaweza kuibadilisha au kuiondoa ikipenda. Wakaamua kwamba nilimpa baba ng'ombe wa kutunza nikamdanganya kuwa ni wake, kwa hivyo nimpe kondoo dume. Kondoo wa kweli, Cucu, mwenye sufu, kwa shamba ambalo halijawahi kunyeshewa.

Hata hayo ningevumilia, lakini mwezi ujao tunatarajiwa Siakago kwa kina Carol, mchumba wangu, kwenda kuanza mambo ya mahari, na baba amesema yeye haendi kunisemea popote, na asipotoka yeye hakuna mzee mwingine atatoka. Carol amenipigia simu akaniuliza kama ni kweli ndoa yetu imezuiwa na trakta ya picha, nikakosa la kusema. Kinachoniuma ni kwamba hakuna kitu sijamfanyia huyu mzee, hata shamba letu la kweli nililichukua nikaliboresha ili yeye apumzike, nikang'oa ile kahawa yake ya zamani na nduma za kando ya maji, nikaweka avokado za kuuza nje na mipira ya kumwagilia maji, nikazungusha waya na lango kwa sababu ya wezi, ufunguo ninao mimi asisumbuliwe na mtu, na mpaka leo hajawahi kusema asante. Sasa niambie, Cucu, nitoe kondoo, au niende Siakago na mjomba?

Mshtakiwa, Kanyakine

CUCU EUNICE ANAJIBU

Mjukuu wangu, pole. Nimesomewa barua yako mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilicheka mpaka nikapitwa na mambo ya maana.

Mimi sikuenda shule, kwa hivyo mambo ya kompyuta nilikwenda kuuliza. Hapa Siakago kuna Ishmael anayezitengeneza. Anasema ubishi wa wazee wenu ndio ubishi wa watu wa gemu dunia nzima, tofauti ni kwamba wale wengine bado hawajapata mtu wa kutoza kondoo. Kampuni inaweka kufuli kwa sababu inaogopa wezi, na kweli wezi wapo. Lakini wewe umelipa, na ni wewe unayeulizwa kila mara kama si mwizi, huku mwizi mwenyewe akicheza na haulizwi na mtu. Na huyo Mbaabu wako hakukosea yote. Gemu ina magonjwa yake na inahitaji dawa. Lakini hata daktari wa mifugo hubisha hodi, na ukimwambia leo hapana, anarudi kesho.

Ishmael anasema kuna maduka yanayouza gemu bila hiyo kufuli. Unaiweka kwako, inakaa vile ulivyoiacha, na inabadilika siku utakayosema wewe. Anasema pia mara nyingine toleo la zamani hupatikana ukiwaandikia wenye gemu. Waandikie. Wakikataa, mwambie mzee wazi kwamba shamba lile limeenda, usimpe matumaini ya bure. Na ile mpya utakayomtafutia iwe kwa jina lake, na neno la siri alijue yeye, wewe usilijue. Ikiuliza kama anakubali masharti, msomee yote, halafu uache kidole chake ndicho kibonyeze. Akikataa, amekataa.

Hayo nimemaliza. Sasa kaa chini vizuri.

Mambo ya shamba la kweli umeyaweka mwisho wa barua, kama mgonjwa anayetaja kifua akiwa tayari ameshika mlango wa kutoka kwa daktari. Umeniandikia kwamba ulilichukua, ukang'oa, ukapanda, ukazungushia waya. Nilimwambia anayenisomea atafute mahali uliposema ulimwuliza baba yako. Alitafuta. Hakuna.

Ile kahawa ilipandwa na nani, mtoto wewe? Na nduma, mmea wa wanawake, zilikuwa za nani, si za mama yako? Wewe unasema uliboresha. Hata hiyo kampuni inasema iliboresha. Kampuni imefunga mlango wa picha na wewe umefunga mlango wa shamba, na ufunguo unatembea nao mfukoni halafu unangoja asante. Mzee amezika mke, akatolewa kwa mimea yake, akabaki na ng'ombe wa kioo wenye majina ya dada zake, na hao nao ukawabonyeza wakaenda.

Unajua ni kwa nini hakukushtaki kwa lile shamba la kweli? Kwa sababu kesi hiyo angeishinda. Angesimama mbele ya ukoo aseme mtoto wangu wa mwisho amenifungia nje ya udongo wangu, na baada ya hapo wewe ungeishi Kanyakine ukiitwa nani? Alikushtaki kwa kile kidogo ili usiumie kwa kile kikubwa. Wazee walijua. Ndiyo maana hawakucheka.

Kwa hivyo toa kondoo, na usinitolee yule wa kuchechemea. Usimwambie ni wa kompyuta, mwambie ni wa lile lango. Tengeneza ufunguo wa pili umpe mchana, watu wakiona. Kipande kilicho karibu na maji kiwe chake, aseme mwenyewe kitapandwa nini. Akisema nduma, ni nduma, hata kama avokado zina bei, na wewe ndiye utachimba. Usipige picha ukiweka kwa simu kwamba unamtunza mzazi.

Mjomba mwache nyumbani kwake. Mimi ni wa huku na nimekaa kwenye mahari nyingi. Ukija bila baba, watu wa Carol watakukaribisha, watakupa uji, watakupa nyama, halafu mama yake atauliza kwa upole mzee anaendeleaje. Utamwambia nini? Mgonjwa? Na akitaka kuja kumwona? Huyo Carol nampenda bila kumwona. Amekuuliza swali zuri kwa simu nawe ukanyamaza. Mpigie umweleze yote, pamoja na lile lango, ajue anaolewa na mtu wa namna gani, na awaombe wazazi wake wawe na subira kidogo.

Halafu nenda kwa baba yako, na usimpelekee tarehe mliyokwisha kupanga. Mwulize yeye angependa mwende Siakago lini, kisha unyamaze mpaka ajibu.