Sare ya Kidato cha Kwanza

Masasi, Julai 1995

Kaka Anselimu, shikamoo.

Kikohozi changu kimepungua. Tangu waanze kutoza pesa za kumwona daktari, mwanafunzi aliyevaa sare hulipa nusu, kwa hiyo jana nilikwenda hospitali nimevaa yangu. Kwenye benchi nikamkuta Mama! Katoka Kitangari, kanyoa nywele kama sisi, kavaa sare yangu ya kidato cha kwanza.

Nesi akaniuliza, "Huyu mwenzenu?"

Kaka, sikumpa Mama shikamoo. "Ndiyo," nikasema, "ni Veridiana."

Nimemwita Mama kwa jina lake! Naye akainamisha kichwa kama mtoto.

Dawa kapewa. Lakini njoo nyumbani, Kaka. Sare ile mimi ilinibana tangu mwaka juzi. Yeye inampwaya.

Mdogo wako,
Salome