Zamu ya Themanini na Nne

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ututoke. Kabla ya kwenda hospitali uliiweka rula yako juu ya kabati ukasema utaendelea kesho. Kesho hiyo haikufika. Rula bado iko palepale, na ole wake atakayefuta vumbi akaisogeza, maana Mama haachi kitu kipite siku hizi.

Wengi wanaosoma hapa walikujua kiwandani, kwenye uchapaji, ulikokuwa mpanga herufi kwa miaka thelathini na mmoja. Ulipanga maneno ya watu wengine herufi moja moja, tena kinyumenyume, na ulipenda kusema kwamba makosa yaliyokuponyoka yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kujisifu ulijua, tusidanganyane. Lakini ni wewe uliyewaandikia majirani barua za kuomba kazi, ukazikunja kwa rula ili mkunjo unyooke, na aliyepata kazi ulimpokea mlangoni kana kwamba mshahara ni wako.

Nyumbani ulikuwa mtu wa Go. Kwa wasioujua: ni ubao wenye mistari kumi na tisa kwenda na kumi na tisa kukatiza, na watu wawili wanaoweka kete kwa zamu kwenye makutano ya mistari, mmoja nyeusi, mwingine nyeupe, kila mtu akizingira nafasi yake. Kete ikishashuka haihami; ikizingirwa pande zote huondolewa. Ulicheza na jirani yetu fundi saa, lakini zaidi ulicheza na Mama, kila Jumamosi baada ya chai, yeye nyeusi, wewe nyeupe. Ubao ukishafunikwa na Mama akaenda kuosha vikombe, na mchezo ukiwa umekukolea, ulikaa peke yako ukauchora mzima kwa kichwa kwenye daftari: duara kwa kila kete, na namba ya zamu ndani ya duara. Michezo mia mbili na kumi na miwili, Baba. Ulitaka siku moja iwe kitabu. Ukiwa kitandani hospitali ulituambia, "Mkikichapa, msinichapie kosa."

Kazi ile aliibeba kitinda mimba wako, yule uliyemwita Bibi Maswali. Si unajua anaandika programu za kompyuta. Alituambia kuna msimbo ulio tayari, wenyewe wanauita maktaba ingawa hauna hata kitabu kimoja, unaojua kuchora ubao wa Go. Yeye anaandika mstari mmoja kwa kila kete, rangi, namba na mahali, na programu inachora ubao, inapanga kete, inatia namba katikati ya duara na kutoa ukurasa ulio tayari kwa mashine ya kuchapa. Kazi uliyoifanya kwa rula jioni nzima, yenyewe inaimaliza kabla mtu hajapiga chafya. Ungenuna siku mbili, ya tatu ungevuta kiti.

Ukurasa wa kwanza ulitoka juu chini. Wewe ulihesabu mistari kuanzia chini, programu ikahesabu kuanzia juu, na kaka mtu, kifungua mimba wako fundi umeme, akauliza kama Baba alikuwa akicheza amening'inia darini. Bibi Maswali hakucheka. Alirekebisha, akaanza upya, na tangu hapo kazi ilikwenda kama maji. Hata pale kete ilipoondolewa na nyingine ikawekwa mahali pale pale, uliandika chini ya mchoro namba gani ilikaa wapi, na programu ikaelewa. Alisema hajawahi kufanya kazi na mtu mwenye mpango kama wewe.

Mama peke yake ndiye aliyekuwa hana raha. Aliuliza mara mbili kama ni lazima michezo yote iingie. Tulidhani ni uchungu, tukamwacha.

Jumamosi moja asubuhi, zikiwa zimebaki wiki tatu siku ya leo ifike, programu iligoma. Ilikuwa mchezo wa mia moja na tisa, na huo hakuna asiyeujua katika nyumba hii, kwa sababu ndio pekee Mama aliowahi kukufunga, kwa alama tatu. Kila mgeni aliyeketi kwetu ulimwambia, "Huyu mnayemwona anamimina chai ndiye aliyenifunga mimi." Na kila ulipoanza, Mama alikumbuka kitu jikoni. Tulisema mama yetu hapendi makuu.

Bibi Maswali alisoma kilichoikwamisha: nyeusi themanini na tatu, halafu nyeusi themanini na tano. Nyeupe themanini na nne haipo. Alilitafuta duara lile kwa kioo cha kukuzia, akatazama chini ya mchoro kama uliacha maelezo. Hakuna. Kaka alisema basi, Mzee aliteleza, hata mwenye macho hujikwaa; tuziteremshe namba zote zinazofuata kwa moja, nani atajua? Dada wa kati, muuguzi, akasema kama ni hivyo heri mchezo huo uachwe. Na sisi wote tukaona haya, maana ulituomba jambo moja tu.

Mama alikuwa anakunja nguo. Akaiweka chini shuka aliyoishika.

"Msimguse. Hakukosea. Mimi ndiye niliyemwibia zamu."

Akatueleza akiwa amesimama. Miaka ishirini na sita iliyopita, mkiwa katikati ya mchezo ule, fundi saa alibisha hodi, nawe ukaenda kumfungulia na maamkizi yakawa marefu kama kawaida yenu. Uliporudi ukauliza zamu ya nani. Ilikuwa yako. Mama alikuwa amefungwa kila Jumamosi kwa miaka minne na amechoka roho, akasema, yangu. Akaweka kete, akaziba pengo lililokuwa limwangushe. Wewe ukautazama ubao, ukajikuna kidevu, ukasema haya. Tangu siku hiyo kila sifa uliyompa mbele ya wageni ilimchoma. Alijiambia atakuambia. Kisha ukaugua, akasema nikimwambia sasa nitamwongezea, nangoja apone.

"Amekwenda akidhani nilimshinda," alisema.

Bibi Maswali ndiye aliyechukua daftari akaenda nalo hadi kwa Mama, akamwekea kidole kwenye duara.

"Mama, tazama kete yako. Mtu asiyejua angeiandika themanini na nne. Baba ameruka namba. Jioni ile ile, wewe unaosha vikombe, alijua."

Mama aliishika miwani yake kwa mikono miwili. Aliangalia themanini na tatu, akaangalia themanini na tano, akaurudia mchoro wote. Halafu akacheka, Baba, kicheko ambacho hatukukisikia mwaka mzima, machozi yakimtiririka, akisema mwanamume yule, mwanamume yule, miaka ishirini na mitano ananisifu usoni kwa wageni. Tulilia naye na kucheka naye, na fundi umeme wako aliyejifanya jiwe ndiye aliyeomba kitambaa.

Kumbe dawa ya programu ilikuwa mstari mmoja. Katika Go mchezaji ana haki ya kutoweka kete akitaka, anampisha mwenzake. Bibi Maswali aliandika kwamba katika zamu ya themanini na nne nyeupe amepisha, na ukurasa ukatoka safi, bila namba yako hata moja kuguswa. Maneno ya chini ya mchoro aliyatoa Mama mwenyewe, nasi tumeyachapa alivyosema: "84: Hakucheza. Alijua. Alinipisha."

Kitabu kimetoka kiwandani kwenu juzi. Aliyekipitia mwisho ni kijana uliyemfundisha kazi, sasa ana mvi, na anasema hajaona kosa.

Leo Mama amekipa kiti chako mto, ameupanga ubao wa mchezo ule hadi kete ya themanini na tatu, na bakuli la kete nyeupe ameliweka upande wako. Tulimuuliza anangoja nini. Akasema safari hii akiulizwa zamu ya nani, atasema kweli.

Unakumbukwa na mkeo, mshindani wako. Na wanao, fundi umeme, muuguzi na Bibi Maswali. Na wakwe zako, wajukuu zako watano, dada yako mshonaji, na fundi saa, ambaye ameapa kwamba hodi ile hakuipiga makusudi. Daima tutakukumbuka, Baba. Zamu ni yako.