Chumba cha Nyuma, Kinachotazama Lori

Bogotá, Jumanne asubuhi

Dada yangu Belarmina,

Pokea salamu zangu kutoka huku mjini, kwenye baridi ya moshi ambayo si kama baridi yetu ya ziwani. Mimi mzima. Miguu imevimba kidogo kwa kutembea, lakini nakula na nalala. Wewe je? Goti linasemaje? Jicho la kushoto bado linaona ukungu, au sasa hata ukungu wenyewe huuoni? Na ng'ombe amezaa? Akizaa jike nilitangulia kusema aitwe Duquesa. Usije ukampa tena jina la shangazi Ubaldina, maana mwaka ule tulikuwa tukimwita ng'ombe, shangazi anaitika.

Arsenio mwanangu, najua wewe ndiye unayemsomea mama yako. Baraka zangu ziwe juu yako. Soma polepole, kwa sauti, usiruke mstari hata mmoja, na hasa kule mwisho. Mama yako akikwambia ruka, usiruke.

Anayeniandikia ni Yurani, msichana wa mapokezi hapa hotelini. Namwita msichana lakini ana watoto wawili na mume asiyefaa, hayo ameniambia mwenyewe. Wageni hawaingii mpaka saa tisa, kwa hiyo ana nafasi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Simu sikupiga kwa sababu kwenye simu wewe unapiga kelele halafu unakata, na ya leo sitaki kukatwa katikati.

Basi, hoteli nimepata. Chumba nimepata. Pa lori nimepata, Mbishi atalala ndani, chini ya bati, nyuma ya geti la chuma. Ningeweza kuishia hapo, lakini wewe utataka kujua nilivyohangaika, na mimi nataka kusema.

Si unakumbuka nilipoondoka ulinishika mkono pale barazani. Ukasema chumba kiwe chini, ngazi huziwezi na lifti huiamini. Kiwe karibu na hospitali ya macho, ukitoka umefungwa kitambaa uende kwa miguu. Na lori lipate pa kulala ndani, lisikae barabarani hata dakika moja. Halafu ukasema, sitaki tena mambo ya Evelio. Na ukasema umenituma mimi kwa sababu mimi ndiye mtu pekee unayemwamini na lori. Hilo neno nimetembea nalo mji mzima kama kokoto kwenye kiatu.

Yurani amesimamisha kalamu, anauliza mambo ya Evelio ni yapi. Nimemwambia Evelio ni shemeji yangu, marehemu, na kule kwetu hata mbwa wanajua kwamba alipoteza lori hapahapa Bogotá, siku ya sikukuu ya Bikira wa Mlima Karmeli, mlinzi wa madereva, miaka hamsini na tatu iliyopita. Lori lile la kwanza, la bluu, na vitunguu vyake juu. Alilipaki barabarani akaliacha peke yake, akarudi akakuta doa la mafuta. Ndivyo inavyosimuliwa. Mbishi alikuja miaka minne baadaye, na toka siku hiyo dada amevaa funguo zake shingoni, hata bafuni, akajifunza kuendesha mwenyewe. Evelio, aliyekuwa dereva tangu hajaota ndevu, akahamia upande wa utingo. Yurani akasema, kumbe! Nikamwambia andika, usiseme kumbe.

Sasa sikiliza. Kabla sijatoka nilimpima Mbishi kwa kamba. Fundo la kwanza ni kimo mpaka juu ya ile bodi ya mbao, la pili upana mpaka ncha za vioo, la tatu urefu mzima na bampa. Nikaikunja nikaiweka ndani ya ruana yangu ya sufu ya kujitanda, na kila hoteli niliyoingia nilisema naomba nianze na maegesho, kitanda baadaye. Wote walinitazama kama nimeleta mbuzi.

Ya kwanza ilikuwa ya vioo, ndefu, huko kaskazini, sakafu inateleza kama imepakwa mafuta. Kijana wa tai akanikaribisha vizuri, akasema kwa kuwa tunakaa siku nane atatupandisha bila malipo chumba cha ghorofa ya kumi na nne, mji wote uko chini yako. Nikamwambia dada yangu haoni, mji atautazama na nini? Nipeleke kwenye maegesho. Yako chini ya ardhi. Nikanyoosha kamba pale mlangoni, Belarmina, fundo la kimo likapita dari kwa mikono miwili. Kijana akaniambia, mama, lori na hoteli wapi na wapi? Nikamjibu, na kitunguu kwenye supu yako asubuhi kilikuja kwa miguu?

Ya pili ilinipendeza mno mpaka nilimshukuru Mungu kwa sauti. Iko kando ya barabara kuu, kila chumba na gereji yake pembeni, kila gereji na pazia zito la kushusha, hakuna atakayeona gari lako. Kamba ilipita vizuri. Hakuna mapokezi, unaongea na mtu kupitia tundu dogo ukutani, yeye hakuoni na wewe humwoni. Akaniuliza tunataka masaa mangapi. Nikamwambia siku nane. Akauliza tena, siku nane, watu wangapi? Nikamwambia wawili, mimi nina sabini na moja na mwenzangu sabini na saba. Nikasikia tunduni, mama, hongera sana. Nilipoingia chumbani nikakuta taa nyekundu na kioo kikubwa juu ya dari, nikasema kioo hiki kitamfaa dada akishatolewa mtoto wa jicho, ajitazame amelala. Muuza kahawa wa nje ndiye aliyenivuta pembeni akaninong'oneza pale ni mahali pa namna gani. Nilitembea mitaa minne bila kuinua uso. Arsenio, usicheke, soma.

Ya tatu ni nyumba ya kizamani katikati ya mji, balkoni za kijani, maua, nzuri kuliko zote. Lakini maegesho hawana. Wakasema hilo si tatizo, unampa mlinzi funguo, yeye anaenda kulipaki mahali, mitaa mitatu au minne kutoka hapo. Mahali gani? Hawajui, yeye anajua. Nikamwuliza yule bwana wa mapokezi kama ana mke, na kama mke wake naye humkabidhi mtu amweke mahali. Walikuwa wameniletea chai ya maji ya sukari guru. Sikuigusa. Niliinuka.

Hii ya nne inaitwa Sietecueros, kama ule mti wa maua ya zambarau, na mwenyewe ni mjane, doña Nohemí. Kutoka hapa mpaka hospitali ya macho nimehesabu hatua mia mbili na kumi, kona moja, barabara moja yenye taa. Uani kuna bati, geti la chuma, na mafundo yote matatu yamepita. Wanapika changua asubuhi, maziwa na mayai, chumvi wanaogopa kidogo, nitasema nao. Chumba ni namba nne, cha chini, cha nyuma kabisa, kidogo, kinanuka dawa ya kufulia, vitanda viwili. Dirisha linafungukia uani, mahali palepale Mbishi atakaposimama.

Nikasema nakitaka. Doña Nohemí akakataa. Akasema ataona haya kuwalaza wazee wawili nyuma karibu na moshi wa magari. Atatupandisha ghorofa ya pili mbele, chumba chenye beseni la kuogea na milima yote dirishani, bei ileile. Nikasema hapana, asante. Si unajua watu wetu, mtu akikataa mara ya kwanza anaonekana ana adabu, kwa hiyo akafikiri naona aibu. Akasema tena. Nikakataa tena. Akasema jamani, usijisumbue, akabeba begi langu mwenyewe akapanda nalo. Basi mimi nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia Yurani sitainuka mpaka begi lirudi. Wageni wakawa wananiruka. Padri mmoja kutoka Tunja aliniomba radhi mara mbili. Ilipita saa nzima ndipo begi likashuka, na doña Nohemí akaja kuninong'oneza, mama, kuna nini kwenye lile dirisha la nyuma?

Yeye sikumwambia. Nakwambia wewe.

Belarmina, Evelio hakuliacha lori. Mimi ndiye niliyeliacha.

Siku ile mimi nilikuwa nimefuatana naye, yeye alikwenda parokiani kuandikisha namba ya lori, magari yalikuwa yanapanga foleni ya kubarikiwa. Aliniacha ndani, akaniachia funguo niwashe redio, akasema, Isme, usishuke. Nikasema sishuki. Halafu nikasikia honi. Malori, mabasi, hata gari la zimamoto, yote yamefungwa riboni na maputo, na Bikira yuko mbele juu ya lori la saruji amevaa joho la kahawia. Nilikuwa na miaka kumi na minane, sijawahi kuona basi lililofungwa maputo. Nikasema naenda hapo kona tu. Nilisimama kona mpaka la mwisho likapita. Funguo niliziacha zinaning'inia.

Evelio alirudi akanikuta nimekaa juu ya doa la mafuta. Hakunipiga, hakunitukana. Alikaa kando yangu ukingoni mwa barabara, akatoa kofia. Akasema baba yenu akijua ni wewe atakuvunja mbavu kwa ule mjeledi wa ng'ombe. Belarmina yeye atanikasirikia mimi wiki moja, halafu itapita. Wiki moja, alisema.

Baba alikufa mwaka wa sita baada ya hapo. Mwaka wa saba ningeweza kusema. Nilikuja mpaka mlangoni kwako mara mbili kwa ajili hiyo. Mara ya kwanza ulinipa mayai. Mara ya pili uliona nina baridi ukanivulia ruana yako. Nikarudi nayo nyumbani, na ndiyo hii nimevaa sasa. Nilikuwa mwoga, siupambi uoga wangu. Evelio mwenyewe aliniambia achana nayo Isme, kiti nimeshakizoea. Nikamwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini.

Kiti alikuwa hajakizoea. Wiki iliyopita nilipokuwa napima Mbishi niliingia ndani, nikakaa upande ule kwa mara ya kwanza toka azikwe. Ule mpira wa sakafuni, dada, ni mzima wote, ila mahali pamoja. Upande wa mguu wa kulia, pale ambapo breki ingekuwepo, umetoboka. Bati la chini linaonekana, na lenyewe limebonyea. Miaka yote ile kila kona ya kushuka Sogamoso wewe ulikanyaga yako na yeye alikanyaga yake, na hapakuwa na kitu chini ya kiatu chake.

Yurani amelia, kwa hiyo ukiona wino umechuruzika ni yeye. Ananishauri ningoje, nikwambie baada ya upasuaji, maana ukikasirika ukaacha kuja Jumatatu, tarehe nyingine ni mwezi wa nane, na daktari alishasema jicho la kushoto halitafika mwezi wa nane. Nimefikiria hilo. Nimekataa. Nikingoja, nitakuwa nimekuvizia ukiwa umefungwa kitambaa, huwezi hata kuona mlango wa kutokea. Na ulisema unaniamini na lori. Huwezi kuja kulala kando yangu siku nane kwa neno ambalo si kweli.

Kwa hiyo chagua ukijua. Lakini jicho ni lako, si la kunikomoa mimi. Nikasirikie, ila njoo unikasirikie hapa. Ukitaka kutosema nami, vitanda ni viwili na ukuta upo wa kugeukia. Chumba nimekishika na sikiachi, hata kama doña Nohemí atanipa ikulu. Nimeomba kiti chenye mgongo mgumu, nimekiweka dirishani. Mbishi akishaingia, nitakaa pale mpaka siku atakapotoka, na yapite maputo, yapite honi, apite Bikira mwenyewe, sishuki.

Arsenio, baba yako hakupoteza lori. Endesha polepole.

Na wewe dada, ulishasema safari hii utampa Arsenio usukani, basi utakaa upande ule. Ukija utakuwa huoni, papasa kwa kiatu cha kulia. Wakati wa kurudi utakuwa na macho, tazama. Mimi nitapanda nyuma kwenye bodi.

Nisalimie shangazi Ubaldina, mwambie dawa yake ya mgongo nimeipata. Nisalimie na wale wa ng'ambo ya ziwa. Barua nampa dereva wa basi la Sogamoso, atakuachia dukani kesho mchana. Mungu akulinde, na Bikira wa madereva akufikishe.

Mdogo wako,
Ismenia

Huo msalaba hapo chini nimeuchora mwenyewe, Yurani hakunishika mkono.

✝