Nyika Uliyoiandika, Baba, Bila Kuiona

Mpendwa baba,

Nimerudi Dubai mwezi uliopita, nikitokea Kazakhstan. Ndiyo, kule kule. Nimefua nguo zenye vumbi la kule, nimezianika hapa Al Baraha, na hasira bado haijanitoka. Ulizoea kuniambia nisiandike barua nikiwa nimekasirika, nilale kwanza, niandike kesho yake. Nimelala siku nyingi sana, baba, na kila nikiamka naikuta hasira imeamka kabla yangu. Basi naandika hivyo hivyo, na barua hii naiacha wazi aisome yeyote, maana mambo yako yamefichwa vya kutosha.

Nianze na duka la manyoya, kwa sababu huko ndiko ulikoipata nchi ile. Nyumbani Tanga hawakukuamini uliposema kwamba kazi yako Dubai ni kuuza makoti ya manyoya, katika mji ambao mwezi wa saba huwezi kushika mlango wa gari kwa kiganja kitupu. Lakini mtaa wa Deira ulikuwa na maduka hayo, na wateja wake walikuwa Warusi na Wakazakhi waliokuja kutafuta nguo za baridi ya kwao. Kirusi ulikiokota humo humo dukani, ukiwa umevaa sweta kwa ukali wa kiyoyozi. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo, Gulnara, aliyekuja kila mwaka kufuata mzigo. Akichoka kujaribu makoti alikaa kitini, akanywa chai yako, akakusimulia habari za kwao.

Nawe Ijumaa ukanisimulia mimi. Ndiyo kwanza nilikuwa nimefika, nina miaka ishirini, nafanya kazi saluni kule Satwa na kulia kila nikirudi chumbani. Ulikuwa unakaanga samaki, mwiko mkononi, huku unanieleza habari za nyika ambayo unaendesha gari tangu asubuhi mpaka magharibi na hujaona kitu ila majani, farasi na anga. Kwamba kuna kilima cha mchanga kinachovuma ukiteremka, kama ndege inayojiandaa kuruka. Kwamba kuna ziwa, Kaindy, ambalo msitu mzima umesimama ndani yake, kwa sababu zamani tetemeko liliporomosha mlima ukaziba bonde, maji yakajaa, miti ikafia humo wima. Nikakuuliza ni miti gani hiyo inayokufa bila kuanguka.

"Iliyoshikwa na baridi, mwanangu," ulisema. "Maji yale hayaachi kitu kioze."

Nilicheka, siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Samaki wakaungua na tukawala hivyo hivyo.

Duka lilipofungwa ukapata kazi kwenye ofisi ya utalii. Kwenye karatasi uliajiriwa kupika chai na kutoa fotokopi. Lakini mkuu wa ofisi, ambaye wote mlimwita sir, aligundua kwamba unajua Kirusi, akakukabidhi simu zote za Almaty. Halafu akakupa na kazi ya kuandika maelezo ya safari. Uliandika Kiswahili kwenye daftari, mimi nikaingiza kwenye kompyuta, ofisini wakatafsiri kwa Kiingereza na Kiarabu. Wafanyabiashara wa Mombasa na Unguja waliokuja Deira wakawa wanapewa kitabu cha Kiswahili, ambacho kilikuwa chako neno kwa neno. Unakumbuka tulivyobishana juu ya korongo la Charyn? Mimi nilitaka tuandike "korongo la kupendeza". Ulikataa katakata. Ulisema kwenye vitabu vya utalii kila kitu kinapendeza, mpaka vyoo, na neno lenyewe limechakaa. Ukakaa na sentensi ile jioni nzima, mtu aliyeishia darasa la saba, ukaifuta na kuiandika upya mpaka karatasi ikatoboka.

Sir alipopata kundi la kwanza kubwa la wateja, alikuahidi kwamba wewe ndiye utakayelipeleka. Ulikuja kuniambia saluni, katikati ya kazi, jambo ambalo hukuwahi kufanya. Tulikwenda pamoja kununua viatu vya kupandia mlima. Ulivivaa chumbani wiki nzima ili vizoee mguu.

Siku ya safari niliomba ruhusa kwa madam wa saluni, nikaja uwanja wa ndege kukuaga, nimekubebea mikate ya kumimina. Nikakukuta umepiga magoti sakafuni, unafunga utepe wa kijani kwenye masanduku ya watu. Umevaa shati la ofisini na kandambili. Pembeni alisimama bwana mmoja mpya, mwenye miezi miwili tu ofisini, amevaa koti lenye nembo ya kampuni, na mkononi ameshika daftari lako.

Bi Zuwena, yule mama wa Kizanzibari uliyempangia safari yake kwa wiki tatu, alikuuliza, "Kwani weye huendi?"

"Safari hii nimebaki, mama. Kazi zimenibana."

Ulisema hivyo huku ukitabasamu, na hapo ndipo nilipoelewa. Baadaye ulinieleza kwamba sir alikuita asubuhi ile, akakwambia kwa upole kwamba wateja wanapolipia safari kubwa namna hii wanatarajia kiongozi mwenye sura ya kimataifa, na kwamba ungeweza kumsaidia mwenzio kwa kumpa daftari. Sura ya kimataifa. Mpaka leo sijui maana yake, ila najua haikuwa na rangi yako. Pale pale uwanjani nilitaka kumfuata yule bwana nimnyang'anye daftari mbele ya abiria wote. Ukanishika mkono.

"Usiniaibishe, mwanangu."

Mimi, baba? Mimi ndiye niliyekuwa nakuaibisha?

Na kana kwamba hiyo haitoshi, wiki nzima iliyofuata yule bwana alikuwa akikupigia simu. Siku ya tatu alipiga nikiwa nimekuja kukutazama, nawe unaosha vikombe. Dereva alikuwa anamuuliza waanze ziwa lipi, naye hajui. Ukafuta mikono, ukamweleza kwa utulivu kwamba waanze Kolsai, maana barabara ya Kaindy ikinyeshewa haipitiki kwa gari dogo, na kwamba awaambie wazee wapande farasi kuteremkia majini. Ulimweleza mpaka mahali pa kupiga picha. Kisha ukaweka simu na kuendelea na vikombe vyako. Nilikutazama na nikakuchukia kidogo. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Safari zikaendelea, na kila msimu sababu ikawa nyingine. Ulipougua ukarudi Tanga, na huko ukatuacha, na Kazakhstan hukuiona.

Mwaka jana nilikuta kitabu kipya cha ofisi ile juu ya kaunta ya mtu anayetutumia vifurushi nyumbani. Nilikifungua kwa mapenzi tu, nisome sauti yako. Maneno yalikuwa yako yote, hata makosa yako ya nukta. Chini yake kulikuwa na picha ya yule bwana, na jina lake, na sifa kwamba ni mtaalamu wetu aliyeandika haya kutokana na safari zake mwenyewe.

Nilikwenda ofisini kwao na uniform ya saluni. Sir alinikaribisha vizuri, akaniagizia chai. Nilimwambia kwamba sitaki chochote, nataka jina la Athumani liandikwe chini ya maneno ya Athumani. Alikunja uso akifikiri.

"Athumani yupi?"

Nikamkumbusha. Akasema, aa, yule mzee wa chai. Akasema mzee alikuwa mtu mwema sana, hakuwa na neno na mtu. Nikarudia ombi langu. Hapo akatazama saa.

"Maneno ni ya ofisi, dada. Na mwenyewe ameshafariki. Khalas, yamekwisha."

Miaka saba ulimpikia chai, baba, na ilibidi nimkumbushe jina lako.

Nilitoka pale, na kabla sijafika kituo cha basi nilikuwa nimeshaamua. Likizo yangu nikaipeleka huko. Nilikata tiketi kwa ofisi nyingine kabisa. Kumbe Almaty wageni wa ofisi mbalimbali huchanganywa gari moja, na kwenye gari letu wakaingia wateja wa ofisi yako: bibi mmoja wa Mombasa, Mwanaisha, na mumewe. Kiongozi wetu alikuwa msichana wa Kikazakhi, Aigul.

Sasa nikwambie. Ni kweli. Nyika ni kubwa kuliko ulivyosema, mpaka nilipata kizunguzungu kwa kukosa kitu cha kutazama. Charyn ni nyekundu kama udongo wa Lushoto. Na Kaindy, baba, miti imesimama majini, juu imekauka na kuwa myeupe kama milingoti, lakini ukichungulia chini unaona matawi yake bado yapo. Watu walikuwa wanakula tikiti pembeni na kupiga picha. Njia ilikuwa wazi kwa kila mtu. Hakuna aliyesimama pale kuuliza nani ana sura gani. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba mahali penyewe pasingekukataa.

Tulipokuwa tumekaa hapo, Mwanaisha akakitoa kile kitabu na kumsomea mumewe kwa sauti: "Ukifika, nyamaza kidogo, usikie maji yanavyowatunza waliozama."

"Ameandika baba yangu hayo," nilisema.

Wote wawili wakanigeukia. Mwanaisha akatazama ile picha, akanitazama mimi.

"Babako aitwaje?"

Nikamwambia. Nikamweleza yote, duka, daftari, utepe wa kijani. Mumewe alibaki akitikisa kichwa. Mwanaisha alitafuta kalamu mkobani, akakata lile jina na kuandika lako. Aliporudi Dubai aliwaandikia ofisini. Hawajamjibu.

Siku ya mwisho tulikwenda kwenye mchanga unaoimba. Mvua ilikuwa imenyesha, na Aigul alitueleza kwamba mchanga ukilowa hausemi. Nilipanda hata hivyo, kwa mikono na magoti, nikateremka kwa kukaa, na kweli haukutoa sauti. Nikapanda tena. Kule juu nikaanza kugombana na wewe. Nilikuuliza kwa sauti ni kwa nini hukusema neno hata moja, pale uwanjani, mwaka ule wala miaka iliyofuata. Na nilijua jibu wakati nauliza. Viza yako ilikuwa mkononi mwa mtu yule. Mdogo wangu alikuwa shule, mama alikuwa na presha, na neno moja lingekurudisha nyumbani na begi. Mimi nilikuona mnyonge, kumbe ulikuwa umetubeba wote.

Basi alilokataa kuliandika mwajiri wako naliandika hapa. Maelezo yale ya Kiswahili ya nyika, korongo na maziwa ya Kazakhstan, ambayo watu wanayasoma na kufunga safari, yaliandikwa na Athumani bin Mbaruku, mtu wa Tanga, ambaye hakupewa nafasi ya kukanyaga huko. Anayebisha aje anitafute saluni.

Pumzika, baba. Kwa kunyamaza kwako nimekusamehe, nawe nisamehe kwa kukuchukia. Wao bado.

Binti yako wa kwanza,
Mwanahawa